Mtani wa Dunguni

Chumbi, Alhamisi ya pili ya Mfungo Nane

Mwanangu Mwanahawa,

Ninaandika mchana huu nikiwa chumbani, na wewe uko uani unasukwa nywele. Nakusikia. Shoga yako Somoe anakuvuta kichwa, nawe unapiga kelele kwamba Wamatumbi wamezoea kusuka ukili, hawajui ngozi ya kichwa cha mtu ikoje. Naye anakujibu kwamba kichwa chako ni mkeka uliochakaa, hajui aanzie upande gani. Nimeweka kalamu chini nikacheka peke yangu, na wino ukakauka nchani.

Kesho alfajiri mumeo atakupandisha mtumbwini mteremke na mto mpaka Maparoni. Barua hii nitaitia kikapuni chini ya nguo zako, uisome ukishafika. Ukiisoma hapa utalia, na mimi nitalia, na wenye mtumbwi wameshasema hawataki kuchelewa.

Mambo ya jikoni, ya wageni, ya mume na ya wakwe sitayaandika. Kungwi wako amekufundisha, na mimi nimeyasema mpaka umenichoka. Nataka kulijibu lile swali uliloniuliza juzi tulipokuwa tunapepeta mpunga. Ulisema bila kuinua macho, "Mama, na huko nikinyamaza tena?" Nami nikakuambia, "Hutanyamaza. Pepeta." Lile halikuwa jibu. Nilishikwa na hofu kama ile uliyokuwa nayo wewe, na mtu mwenye hofu husema upesi ili mambo yaishe. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafuta jibu, na naona siwezi kulipata bila kurudi nyuma kidogo.

Nakumbuka mwaka ule wazee wa Somoe waliposhuka kutoka milimani. Kazi ya pamba katika shamba la akida ilikuwa imemchosha baba yake, wakaja kuomba ardhi huku bondeni, wakapewa shamba linalopakana na letu. Wewe na Somoe mlikuwa ndiyo kwanza mnaanza kufunga nguo kifuani. Baba yako alikuwa amejenga dungu letu kwa nguzo ndefu kama kawaida, tulale juu wakati maji ya mto yakiingia shambani, na tuulinde mpunga na viboko. Baba yake Somoe akajenga lake fupi, unafika kwa kunyanyua mguu tu.

Baba yako, maana Wamatumbi ni watani wetu sisi Wandengereko, akasimama akalitazama. "Mtani, hicho ni kitanda au ni dungu?"

"Mtani, mimi ni mtu," akajibu, "silali juu ya miti kama kunguru."

Maji yalipokuja tulimkuta amekaa juu ya dungu lake, magoti kifuani, mkewe na watoto wamemzunguka, na kuku wao kichwani mwa Somoe. Baba yako aliwafuata na mtumbwi, lakini kwanza aliwazunguka polepole akiuliza kama kuna mtu anayetaka kununua dungu. Hata mama yake Somoe alicheka, ingawa nguo zake zote zilikuwa zimelowa.

Msimu ule ninyi wawili ndio mliopewa kazi ya kuamia ndege, kila mmoja dunguni kwake, na kombeo na debe la kupiga. Kazi ya kuamia inachosha mtoto. Ni kukaa peke yako toka kunakucha mpaka jua linazama, ukipiga kelele. Lakini ninyi hamkuwapigia kelele ndege. Mlipigiana wenyewe.

"Mndengereko! Amka, ndege wamemaliza shamba la baba yako!"

"Waache wale! Wameona lenu wakadhani ni nyasi!"

"Wewe unanuka kambare mpaka huku!"

"Na wewe unanuka nyani, na nyani wenyewe wamekukimbia!"

Mlitukanana hivyo mchana kutwa, na ndege hawakutua. Baba yako alisema hajapata kuvuna vizuri kama mwaka ule. Jioni mlikuwa mnarudi nyumbani sauti zimewakauka, mmeshikana mikono. Mimi nilikuwa nawaona hivyo nikafikiri ni utoto, utapita.

Kisha maneno ya maji yakashuka kutoka milimani. Unayajua kama ninavyoyajua mimi. Mjumbe wa mganga alikuja nayo kijijini, na baba yako alikunywa hapa hapa uani, mbele yetu. Ulimuuliza, "Yana ladha gani, baba?" Akafikiri, akasema, "Kama maji ya mtungi mpya." Akakupa kata uishike. Kesho yake akaondoka pamoja na baba yake Somoe na wanaume wengine, wakiamini kwamba risasi za askari wa Wadachi zitawateleza kama mvua. Mama yake Somoe hakutaka kukaa ugenini bila mume, akawachukua watoto wake akarudi milimani kwa ndugu zake. Na wewe ukabaki na mimi.

Mtu mmoja alitangulia kurudi. Akasema alimwona baba yako akianguka penye kivuko, na yeye hakuweza kusimama. Nikamuuliza, "Ulimgusa?" Akasema hapana. Nikamwambia basi hujui. Shangazi zako wakasema tuweke matanga, nikakataa. Wakasema nikae eda, nikakataa. Kila mtu aliyekuja kunipa pole nilimrudisha na pole yake, maana kupokea pole ni kukubali. Nilikuwa naweka sahani ya baba yako mkekani kila tulipokula, na wewe ulikuwa unaitazama.

Msimu uliofuata nilikupeleka dunguni kama kawaida. Siku moja nilikuja na chakula nikakuta ndege wameujaza mpunga, na wewe umekaa, kombeo mapajani, unawatazama wakila. Sikukugombeza. Nilipanda nikakaa karibu yako nikakuita, ukageuza uso ukanitazama kama unavyomtazama mtu anayepita njiani. Toka siku hiyo hukusema. Ulikuwa unafanya kazi ukiambiwa, unakula ukipewa, kidogo. Usingizi ulikukimbia. Nikiamka nilikuwa nakukuta umekaa umeegemea ukuta.

Watu wakasema ni pepo. Nikaleta ngoma, ikapigwa, hukucheza. Nikaenda kwa mwalimu wa chuo akaandika aya kwa zafarani sahanini, akaziosha kwa maji, akanipa kombe nikuletee unywe. Nilikushikia bakuli mdomoni kwa upole, kama nilivyokunywesha ulipokuwa mchanga. Ukalipiga kwa mkono likavunjika. Nilikaa chini nikaokota vipande nikidhani kweli umekwisha kushikwa na kitu kibaya, mtoto wangu anakataa maneno ya Mungu.

Sasa najua. Ulikuwa umemwona baba yako akipewa maji anywe ili asife. Nami nakuja na maji mengine, nakuambia kunywa upone. Hata Mungu ninaamini alielewa. Mimi ndiye niliyechelewa.

Vita vilipotulia njaa ikaja, na katika njaa ile Somoe akarudi na baba yake, ambaye risasi zilimkosa. Mama yake na ndugu zake hawakurudi. Sikumtambua. Nywele zilikuwa zimenyolewa, na mikono yake ilikuwa myembamba kama mipini ya miko. Nilimkuta pale penye ua, anataka kuingia, nami nikamzuia.

"Somoe, mwanangu, karibu. Lakini Mwanahawa usimtanie. Nyumba hii ina msiba."

"Poleni, mama. Matanga mlianua lini?"

"Hatujaweka matanga."

Akanitazama. "Kama kuna msiba, mimi mtani nina kazi humu ndani. Kama hakuna msiba, nina shoga yangu humu ndani. Sasa mama, unanizuia kwa lipi?"

Nilikuwa mkubwa wake, nikamwambia tena usimtanie. Niliogopa. Nilifikiri wewe ni kama mtungi wenye ufa, neno moja la mzaha litaumaliza. Basi akatii. Akawa anakuja kila siku anakaa karibu yako kimya, ameinamisha kichwa, anakupa pole kwa sauti ndogo kama mzee. Mimi nikashukuru kwamba mtoto huyu ana adabu. Na wewe ukazidi. Hata ile kula kidogo ukaacha.

Baadaye sana uliniambia ulivyokuwa unafikiri siku zile, na maneno hayo nimeyaweka. Ulisema, "Nilidhani Somoe naye amekufa, ameletwa mwili tu."

Asubuhi ile unaikumbuka kuliko mimi, lakini acha niiandike, nataka uwe nayo kwa mkono wangu. Tulikuwa tumekaa mkekani na uji mwembamba wa mtama, umeshapoa, na sahani ya baba yako ipo mahali pake. Somoe akaingia. Hakupiga hodi. Akakohoa mlangoni, kile kikohozi cha baba yako cha kujulisha kwamba mwenye nyumba amefika. Akaja akitupa bega moja chini kama baba yako. Akakaa penye sahani ile, akamimina uji, akauinua mdomoni, akaanza kuupuliza.

Baba yako alikuwa anapuliza uji hata ukiwa wa jana. Niliolewa naye nikiwa binti, nikazaa, nikapata mvi za kwanza, na sikupata kumwona akinywa uji bila kuupuliza.

Nilisimama nimpige. Mkono ulikuwa juu. Ndipo nikasikia sauti iliyokauka, sikujua inatoka wapi.

"Sivyo. Alikuwa anafumba jicho."

Somoe akageuka taratibu, akafumba jicho moja, akapuliza. "Hivi?"

"La kushoto, Mmatumbi wewe. Huoni?"

Ukacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kama mlango wa zamani, lakini kilikuwa chako. Kisha ukalia mpaka jua likawa kichwani, na Somoe amekushika kiuno, naye analia wake. Mimi nilikaa pale pale na mkono wangu nisijue niuweke wapi. Baba yako alikufa kwangu asubuhi ile, wala si siku aliyoanguka kivukoni. Nilipoteza na kupata katika saa moja, na mpaka leo siwezi kuvitenganisha.

Tukaweka matanga. Mwalimu akasoma hitima bila maiti, na mimi nikaingia eda nikiwa nimechelewa kuliko wajane wote wa Chumbi. Somoe alifanya kazi yake ya utani yote. Alilala mlangoni akasema hatoki mpaka apewe kuku, na kuku hakuwepo, njaa ilikuwa imemaliza kuku wote. Akasema basi atamchukua mjane. Akawaambia watu kwamba marehemu amekimbia tu mapishi yangu. Shangazi zako walicheka wakificha nyuso, na mimi chini ya nguo nyeusi nilicheka pia, Mungu anisamehe, kwa mara ya kwanza nikahisi mzigo umeshuka mgongoni.

Nisikudanganye kwamba ulipona siku ile. Kimya kilikuwa kinarudi, unakijua. Lakini kilikuwa kinarudi na kuondoka, kama homa inayochoka. Na wewe pia ulimwuguza yeye, hilo usilisahau. Kumbuka walipochoma nyasi mashamba ya ng'ambo, Somoe akashika nguzo ya nyumba anatetemeka, maana kwao askari walichoma vijiji na ghala pamoja. Ulimfunika kanga kichwani moshi usimfikie, ukawa unamtukana masikioni, Mmatumbi mwoga, Mmatumbi unaogopa jiko la mama yangu, mpaka meno yakaacha kugongana. Mimi nisingejua kufanya hivyo. Mimi ningempa pole.

Nami nilipata kuwa na shoga. Aliitwa Mwajuma. Tulikua pamoja, tukachezwa ngoma pamoja, tulikuwa tunakula ukoko wa sufuria moja. Nilipoolewa wakubwa waliniambia mke mwenye shoga hana siri, nami nikataka kuwa mke mwema. Alikuja kunitembelea nikampokea kwa heshima. Nikampa kiti, nikamwuliza habari za watu wa kwao. Akaja tena, nikafanya vile vile. Hakuja tena. Hakuna ugomvi uliotokea, na kwa muda mrefu nilidhani kwa sababu hapakuwa na ugomvi hapakuwa na kilichopotea. Baba yako alipokosekana, majirani walikuja wote na pole zao, na hakukuwa na hata mmoja ambaye ningeweza kumwambia kwamba nimemkasirikia marehemu. Nilikuwa nimemkasirikia sana, Mwanahawa. Kwamba alikunywa. Kwamba aliona tamu. Mwajuma ningemwambia, naye angesema, "Mwanamume wako alikuwa mjinga tangu siku ya posa," nami ningelia, nikalala. Badala yake niliweka sahani.

Ndiyo maana nasema lile jambo la dunguni halikuwa utoto. Wakati mnatupiana maneno juu ya mpunga mlikuwa mnajifunza kusikilizana mkiwa mbali, na mlipokuwa wakubwa na mambo yakawa makubwa, sauti ya kuitana ilikuwepo tayari. Mimi niliiacha yangu ikafa. Sikuandikii haya ili uogope ukipoteza yako. Siku zote hizi nimekuwa nikifikiri jinsi ya kukuambia utafute huko mtu wa kukutania, na nikaona nimechelewa tena, maana umekwisha kumpata mbele ya macho yangu.

Siku ya arusi, wakwe zako walipokuja kukuchukua kukuonyesha watu, wifi yako Tatu alisimama mlangoni akaziba njia kama ilivyo haki yake. Akainua ncha ya kanga yako akachungulia, akawageukia wenzake.

"Huyu ndiye? Tumetoka Maparoni na mtumbwi mzima kuja kuchukua kasia?"

Wanawake wakapiga vigelegele. Bibi arusi hasemi. Bibi arusi anainama, kila mtu anajua, kungwi wako alikuwa amekukanya mara kadhaa. Mimi nilikuwa nyuma yako nikaona mabega yako yametulia kabisa, nikafikiri, kimekuja, kile kimya kimekuja leo mbele ya watu. Kisha chini ya kanga ikatoka sauti:

"Bora mimi kasia, wifi. Bila kasia mngekuwa bado mnazunguka mikokoni mnaulizana njia."

Bibi mmoja akasema astaghfirullah. Kungwi wako akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyesema. Na Tatu alifungua kinywa, akakifunga, akacheka mpaka akakaa kizingitini, akasema, "Haya, huyu namchukua mwenyewe hata kaka akimkataa."

Baadaye wazee walinisema sana. Waliniambia nimelea binti asiye na haya. Nilisikiliza nimeinamisha kichwa, nikasema mnisamehe, wazee wangu, na machoni kwangu nilikuwa nakuona wewe dunguni, ndege wanaruka. Nilirudi nyumbani nikalala mchana kweupe, usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu baba yako aondoke. Mwanangu, mabinti wengine mama zao hushukuru wakinyamaza siku ya arusi. Mimi nilishukuru uliposema.

Basi jibu langu ndilo hili. Huenda utanyamaza tena. Sikukatalii kama nilivyokukatalia juzi. Utafika, nyumba itakuwa ngeni, maji ya delta yana chumvi, utaamka siku moja na ulimi mzito. Siku hiyo usinywe kitu kwa sababu umeambiwa kitakuondolea, na usikae na mtu anayekuinamia kwa huruma mpaka naye akawa kama maiti. Mwite Tatu. Kama hujui la kumwambia, mtukane. Akija na msiba wake naye, kwa maana kila nyumba ya bonde hili imefiwa, mtafutie neno la kumkera. Na asipokuja, mfuate wewe, usikae kungoja kama nilivyokaa mimi na heshima zangu.

Somoe anabaki. Usimhurumie kwa hilo. Baba yake amesema msimu ujao atajenga dungu refu kuliko yote Chumbi, na Somoe anasema litamwangukia. Nimemwambia njia ya kuja kwangu haina mlango, aje ale, aje aniudhi. Wakati mtumbwi wa mtu wa huko ukipanda huku, mpe maneno amletee, na yawe mabaya, asije akadhani umebadilika ukawa mke wa watu.

Mmemaliza kusuka. Nasikia mnapigania kioo. Sasa utaingia kunionyesha, nami nitaficha karatasi hii chini ya mkeka na kusema umependeza, na ni kweli.

Sikuombi unikumbuke kila siku, una nyumba ya kuendesha. Wala usinikumbuke ukiwa peke yako penye giza, huko utanikumbuka mimi niliyekaa na sahani. Unikumbuke ukiwa na wenzio, mnacheka.

Mama yako